Inahesabu Kimoja Kimoja: Nimeiona PCR ya Matone Ikifanya Kazi

Tuanzie kwenye kioo cha kompyuta, maana hapo ndipo nilipovuta kiti karibu na kuacha kuandika. Chini kabisa umelala utepe mnene wa madoa ya kijivu, maelfu kwa maelfu, yamebanana hadi huwezi kulitenga moja na jingine. Juu ya utepe huo ni patupu. Halafu, juu kabisa, likajitokeza doa la buluu. Likafuata la pili. La tatu. Basi. Matone zaidi ya 15,000 yalikuwa yamepita mbele ya jicho la mashine, na matatu tu ndiyo yaliyowaka, kila moja likiwa limebeba kipande cha DNA ya kimelea cha malaria. Damu hiyohiyo ilikwishapimwa kwa kipimo cha haraka, kikaonyesha mstari mmoja: hana malaria. Ikasomwa kwenye darubini, hakikuonekana kitu. Kishimo cha jirani, kilichotiwa maji matupu ili kuthibitisha kwamba mashine haizushi, kilibaki kijivu mwanzo hadi mwisho. Vimelea vilikuwepo, na mashine ilikuwa imevihesabu!

Hii ndiyo PCR ya kidijitali, na aina niliyoiona inaitwa PCR ya matone. Nasema bila kusita kwamba katika upimaji wa magonjwa ya kuambukiza sijaona kitu kilichonisisimua kiasi hiki. Sababu ni moja tu, na kila nitakachoeleza hapa kinatoka humo: mashine hii haikadirii, inahesabu.

PCR yenyewe wengi wetu tuliijua jina mwaka 2020, enzi za Corona, cheti chake kilipokuwa kinatakiwa uwanja wa ndege. Kazi yake ni kunakili DNA. Unachukua sampuli, unaitia praima, yaani vipande vifupi vinavyoitambua DNA unayoitafuta, unatia na kimeng'enya, kisha unapasha moto, unapoza, unapasha tena. Kila mzunguko DNA inaongezeka maradufu. Mizunguko 40 ikiisha, nakala chache zimekuwa mabilioni. Mashine za kawaida hutazama mwanga ukipanda kadiri nakala zinavyoongezeka, na kuandika ni mzunguko wa ngapi mwanga ulivuka mstari. Ukivuka mapema, vimelea vilikuwa vingi. Ukichelewa, vilikuwa vichache. Lakini vingapi hasa? Ili ujue, inabidi ulinganishe na sampuli nyingine ambazo wingi wake unajulikana. Viwango vyako vya kulinganishia vikitofautiana na vya maabara ya mji mwingine, namba zenu nazo zitatofautiana, hata kama damu ni ya mtu mmoja. Na vimelea vikiwa vichache sana, mwanga unachelewa mno, mzunguko wa 37, wa 38, na mtaalamu anabaki anajiuliza kama hicho ni kimelea au ni uchafu tu.

Sasa shikeni ujanja wenyewe. Ukiambiwa utafute punje tatu za mawe ndani ya gunia zima la mchele, utazipita tu. Ukiugawa mchele huo vijiko elfu ishirini, kila kijiko kwenye kisahani chake, jiwe haliwezi kujificha tena. Visahani vitatu vitakuwa na jiwe na vingine vyote havina. PCR ya kidijitali inaigawa sampuli hivyohivyo kabla ya kunakili. Mikrolita 20 za mchanganyiko zinakatwa kuwa takriban matone 20,000, kila moja likiwa na ujazo wa karibu nanolita moja. Kila tone linakuwa chumba cha PCR kinachojitegemea. Lililobahatika kubeba DNA ya kimelea litang'aa mwishoni, na lisilo nayo litabaki giza. Hakuna anayeuliza limeng'aa mzunguko wa ngapi. Swali ni ndiyo au hapana, mara elfu ishirini.

Nataka mwone inavyofanyika kwa mikono, kwa sababu uzuri wake uko hapo pia. Katriji ni ya plastiki, ndogo, ina vishimo vinane kila safu. Safu ya kati inatiwa mchanganyiko wa sampuli, safu ya chini inatiwa mafuta maalumu, unafunika kwa mpira wenye matundu, unaiweka mashineni. Mvuto wa hewa unayapitisha mafuta na sampuli kwenye njia nyembamba sana, na pale zinapokutana, mafuta yanakata sampuli tone baada ya tone. Dakika mbili tatu, kazi imekwisha. Ukiitoa, safu ya juu imejaa ukungu mweupe kama maziwa, unaelea juu ya mafuta mazito. Kila chembe ya weupe ule ni maabara kamili.

Mtaalamu aliyekuwa anatuonyesha alipouhamisha ukungu huo kwenda kwenye sahani ya vishimo 96, aliivuta pipeti taratibu kiasi kwamba sote tulinyamaza. Ukivuta kwa pupa, matone yanapasuka na kuungana, na hesabu yako imeharibika. Kisha sahani inafungwa kwa foili na moto, inaingizwa kwenye mashine ya kupasha na kupoza, na hata huko joto hupanda polepole kuliko ilivyo kawaida ili liyafikie matone yote sawasawa. Mwisho kabisa ni msomaji: mashine inayanyonya matone, inayapanga mstari mmoja, na kuyapitisha moja moja mbele ya mwanga. Ndipo madoa yanaanza kuanguka kiooni.

Mtu makini atauliza: je, tone likibeba vipande viwili? Litawaka mara moja tu, na hesabu itakuwa pungufu. Swali hili lina jibu zuri kuliko yote, na limetoka kwa mtu aliyefariki mwaka 1840, Mfaransa Siméon Denis Poisson, bila kujua kitu chochote kuhusu DNA. Kanuni yake inatuambia jinsi vitu vichache vinavyojigawa kwa bahati nasibu kwenye vyumba vingi. Tuseme kati ya matone 20,000 yamewaka 5,000. Matone 15,000 yaliyobaki giza ndiyo yanayokupa ukweli: yakiwa robo tatu ya yote, basi kwa wastani kila tone lilipata vipande 0.288, na jumla ni takriban vipande 5,754. Ziada hiyo ya 754 ilikuwa imejificha kwenye matone yaliyobeba viwili au vitatu. Hukuhitaji sampuli ya kulinganishia hata moja. Mimi huipenda sana hesabu hii, kwamba giza ndilo linalosahihisha mwanga.

Wazo lenyewe si la jana. Kary Mullis alibuni PCR mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1993. Kabla hajaipokea, mwaka 1992, watafiti wa Adelaide, Australia, walikwishazimua sampuli za wagonjwa wa saratani ya damu hadi DNA ikabaki moja moja ili waihesabu. Jina la PCR ya kidijitali lilitoka Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1999, kwa Bert Vogelstein na Kenneth Kinzler, nao walikuwa wanatafuta mabadiliko ya jeni kwenye saratani ya utumbo mpana. Kilichokosekana miaka yote hiyo kilikuwa vyumba vingi kwa bei nafuu, maana sahani ya vishimo 384 haitoshi. Mafuta na matone ndiyo yaliyofungua mlango, na tangu mwaka 2011, Bio-Rad ilipoinunua kampuni changa ya QuantaLife, mashine za matone zimeenea kwenye maabara za utafiti duniani.

Turudi kwenye malaria, kwani huko ndiko ninakoiona faida kubwa kwetu. Kipimo cha haraka, kile cha kutoboa kidole, huanza kuonyesha mstari wa pili vimelea vikifika kama 100 hadi 200 kwa kila mikrolita ya damu. Msomaji hodari wa darubini anaweza kushuka hadi 50 hivi. Sasa fikirieni mtu mzima mwenye vimelea 10 tu kwa mikrolita. Ana takriban lita tano za damu. Piga hesabu: ana vimelea milioni 50 mwilini, anatembea, analima, hana homa, na vipimo vyetu vyote viwili vinamwambia yuko salama. Mbu akimuuma jioni anaweza kuondoka na vimelea hivyo. Mahali ambapo malaria imeshuka sana, kama Zanzibar, watu wa namna hii ndio wanaoweza kuuweka ugonjwa hai kimyakimya, na huwezi kuwamaliza usiowaona.

Kuna jambo la pili kuhusu malaria, na hili ndilo lililonifanya niseme mashine hii inahitajika jana. Vipimo vingi vya haraka Afrika hutafuta protini moja ya kimelea iitwayo HRP2. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba huko Peru, kwenye misitu ya Amazoni, kuna vimelea vilivyopoteza jeni inayotengeneza protini hiyo. Kipimo kinavipita kana kwamba havipo. Eritrea ilikumbwa na tatizo hilo kiasi cha kulazimika kubadilisha aina ya vipimo mwaka 2016, na vimelea hivyo vimepatikana pia Ethiopia na Djibouti. Ni majirani zetu hao! Ugumu ni kwamba kwenye maeneo yetu mtu mmoja mara nyingi hubeba koo kadhaa za vimelea kwa pamoja. PCR ya kawaida ikikuta ukoo mmoja wenye jeni, inasema jeni ipo, na ule uliopoteza unajificha nyuma yake. PCR ya kidijitali unaipa rangi mbili: moja kwa jeni ya HRP2, nyingine kwa jeni ambayo kila kimelea ni lazima kiwe nayo. Ukihesabu jeni ya lazima 1,000 na ile ya HRP2 600, umejua papo hapo kwamba katika damu hiyo vimelea vinne kati ya kumi havina. Watafiti wamekwishaitumia kwa kazi hiyohiyo, na inafanya kazi.

Kwa VVU, mambo yanakuwa makubwa zaidi. Mtu anayetumia dawa vizuri kipimo cha wingi wa virusi humwambia virusi havionekani, na hiyo ni habari njema kweli. Lakini ndani ya baadhi ya seli zake DNA ya virusi imejichomeka na kulala, na dawa zikiachwa huamka. Wanaotafuta tiba ya kumaliza VVU wanahitaji kujua akiba hiyo ni kubwa kiasi gani. Ukiipima kwa PCR ya kawaida unadanganyika, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya DNA hiyo ni mbovu, imekatika au imeharibika, haiwezi kuzaa virusi vipya. Mwaka 2019 maabara ya Robert Siliciano huko Johns Hopkins ilitoa kipimo kinachotumia matone kutenganisha nzima na mbovu. Wanatafuta sehemu mbili zilizo mbalimbali kwenye DNA ya virusi, kila moja na rangi yake. Tone likiwaka rangi moja, DNA hiyo imekatika au imeharibika. Likiwaka zote mbili, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni nzima, na hiyo ndiyo ya kuogopwa. Ujanja huu hauwezekani kabisa kwenye mchanganyiko usiogawanywa, kwa kuwa huko rangi zote zinamwagika pamoja.

Hapa naomba vijana wetu wa maabara wasikilize vizuri. Kipimo kile kilijengwa kwa kufuata VVU vya aina ndogo B, vilivyotawala Marekani na Ulaya. Afrika Mashariki tuna A, C na D kwa wingi. Praima zisipoendana na virusi, tone lenye DNA nzima linaweza kubaki giza. Watafiti wameshaanza kutengeneza praima za aina nyingine, na sioni ni kwa nini kazi hiyo isifanyiwe Kampala, Nairobi, Mbeya au Dar es Salaam, mahali wanapoishi wenye virusi hivyo.

Nitaje kwa kifupi kisa cha Seattle, maana ni kitamu. Kuna kirusi kiitwacho HHV-6 ambacho karibu mtu mmoja kati ya mia amekirithi kikiwa kimechomekwa ndani ya kromosomu za kila seli yake, mara nyingi bila kumdhuru. Ukimpima damu, wingi wa virusi unatisha, na daktari anaweza kumwanzishia dawa kali zisizo na haja. Mwaka 2014 wataalamu wa Seattle walionyesha kwamba PCR ya matone inamaliza ubishi: hesabu virusi, hesabu seli, gawanya. Ukipata moja kamili, yaani kirusi kimoja kwa kila seli, ni urithi na si ugonjwa.

Jambo jingine lililonifurahisha ni ustahimilivu wake. Damu ina himoglobini, kinyesi na maji taka vimejaa takataka zinazokizuia kimeng'enya kufanya kazi. Kwenye PCR ya kawaida uchafu huo unachelewesha mwanga, na kuchelewa kunasomeka kama upungufu wa vimelea. Tone halijali kuchelewa. Mradi liwe limewaka mwishoni, limehesabiwa. Ndiyo maana wakati wa Corona, nchini Marekani, mashine hizi zilipelekwa kufuatilia virusi kwenye maji taka ya miji, kazi ambayo ingeweza kutufaa sana kwa kipindupindu na polio.

Je, ina mapungufu? Inayo, na ninayasema kwa sababu nataka ije na ikae. Vimelea vikiwa vingi kupita kiasi, karibu matone yote yanawaka na hakuna giza la kutosha kufanyia hesabu ya Poisson, kwa hiyo inabidi uzimue sampuli kwanza. Matone machache hubaki katikati, si giza wala mwanga, na mtu mwenye uzoefu ndiye anayeamua mstari upitie wapi. Kisha kuna ukweli ambao hakuna mashine inayoushinda: kama tone la damu ulilochota halikubahatika kuwa na kimelea, hakuna cha kuhesabu. Ukitaka kuona kidogo sana, chota damu ya kutosha.

Bei ndiyo mlima. Mashine ni makumi ya maelfu ya dola, mafuta na vitendanishi vinaagizwa nje, umeme usikatike katikati ya kazi. Lakini tumeshawahi kuuona mlima wa namna hii ukishuka. Shirika la Afya Duniani lilipoidhinisha GeneXpert kwa kifua kikuu mwishoni mwa mwaka 2010, wengi walisema ni mashine ya matajiri. Mwaka 2012 wafadhili walishusha bei ya katriji kutoka dola 16.86 hadi 9.98, mwaka 2023 ile ya kipimo cha msingi cha kifua kikuu ikashuka tena hadi 7.97, na leo GeneXpert iko hadi hospitali za wilaya. Kwa sasa PCR ya kidijitali mahali pake ni maabara kuu za rufaa na za utafiti, ikiwa mwamuzi: itoe namba sahihi ambazo mashine nyingine zote nchini zitajipima kwazo. Na tayari kuna mashine zisizotumia matone kabisa, kama QIAcuity iliyoingia sokoni mwaka 2020, ambapo sahani yenyewe ina vyumba vidogo 8,500 au 26,000 kwa kila kishimo, na kugawa, kupasha na kupiga picha vyote vinafanyika ndani ya sanduku moja kwa muda wa kama saa mbili.

Ila kinachoninyima usingizi ni binamu yake. Wajapani walitoa mwaka 2000 mbinu iitwayo LAMP, inayonakili DNA kwa joto moja tu, kati ya nyuzi 60 na 65, bila kupasha na kupoza. Changanya hiyo na kuhesabu kidijitali, upate kilichotangazwa mwaka 2017 na maabara ya Rustem Ismagilov huko Caltech, California. Walichukua mkojo wa wagonjwa wa UTI, wakaugawa mara mbili. Nusu moja ikatiwa antibayotiki, nyingine ikaachwa. Wakasubiri dakika 15. Bakteria anayeuawa na dawa huacha kuzalisha DNA. Sugu anaendelea kama kawaida. Kwa dakika 15 tofauti ya DNA kati ya nusu hizo mbili ni ndogo mno, ndogo kiasi kwamba PCR ya kawaida inaweza kuipoteza ndani ya makosa yake yenyewe. Wao wakahesabu kipande kimoja kimoja kwenye kibamba chenye vyumba vidogo, wakaiona. Tangu mkojo kuingia hadi kujua dawa hii itafanya kazi au haitafanya: chini ya dakika 30.

Kuotesha bakteria maabara huchukua siku mbili au tatu. Ndiyo maana kwetu mgonjwa akiambiwa ana UTI anaandikiwa dawa siku hiyohiyo kwa kubahatisha, anaondoka nayo, na mara nyingine anarudi wiki inayofuata kuandikiwa nyingine yenye nguvu zaidi. Dakika 30 ni muda ambao mgonjwa yuleyule anautumia akiwa kwenye benchi la nje akisubiri kuitwa dirisha la dawa. Nataka kibamba hicho kikae meza moja na darubini kwenye kituo cha afya, na dawa ya kwanza kujaribiwa nacho iwe antibayotiki ya ciprofloxacin.